Leseni Yenye Hodi

Shangazi yangu Lukresia hagombani na mtu kwa sauti. Akikasirika anazidi kuwa na adabu. Siku aliyomwandikia Filemon wa Dar es Salaam "Ndugu yangu, nashukuru sana kwa maelezo yako mazuri," nilijua kabisa kwamba yule bwana angekuwa karibu angepigwa kwa kibodi.

Shangazi alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kompyuta nyuma ya soko la Moshi. Chumba kimoja, mashine chache za kuchapia, intaneti ya kulipia kwa dakika, na feni ambayo sijawahi kuiona ikizunguka. Asubuhi anashuka kutoka kwetu Uru, juu mlimani, jioni anapanda. Mimi shule niliishia kidato cha kwanza, nikawa nashuka na ndizi siku za soko, na nikimaliza kuuza nakaa kwenye benchi la wateja mpaka afunge tupande wote. Mtu aliyekaa kimya na kapu tupu watu hawamhesabu, wanaongea tu.

Wateja walimjua kama dada wa kuchapa. Unaleta barua yako ya kuomba kazi, anaichapa, na makosa yako anayarekebisha bila kukuambia. Mteja akitoka, anafungua ukurasa mwingine kwenye kioo na kuendelea na mambo yake. Programu alijifunza kuziandika mwenyewe, kwa kitabu kilichokosa jalada na kwa kuharibu mashine za watu na kuzitengeneza tena kabla mwenye duka hajafika.

Kitu chake kikubwa kilianza na Bibi. Zahanati ya huku juu ilipata kompyuta, ikaanza kuchapa karatasi za miadi, na Bibi akapewa yake ya kliniki ya macho. Imeandikwa 8:00. Bibi akasoma nane, akaenda saa nane mchana, akakuta mlango umefungwa na daktari wa macho kesharudi mjini. Hakulalamika. Alivua viatu, akakaa jikoni, akasema mashine yao haijui saa. Kauli ile ilimkaa Shangazi kooni kama mwiba wa samaki.

Akatengeneza kitu kinachojua saa. Ukikipa 8:00 kinakurudishia "saa mbili asubuhi". Kinajua adhuhuri, kinajua alasiri, kinajua alfajiri inaishia wapi. Mudrik, kijana wa mtaa wa Pasua aliyekuwa anakaa meza ya pili mle dukani, akaongezea kalenda: siku na miezi kwa Kiswahili, juma linaanza Jumamosi kama linavyotakiwa, na pembeni tarehe za Kiislamu, pamoja na onyo alilolitunga mwenyewe kwamba sikukuu inaweza kusogea kwa siku moja kwa sababu mwezi ni wa kuonekana, si wa kukokotoa.

Haikuwa programu ya kufungua ukabonyeza. Wenyewe waliiita maktaba. Mudrik aliwahi kunieleza, nilipouliza vitabu vyake viko wapi, akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema seremala hafui bawaba. Ananunua bawaba zilizokwisha fuliwa, anazipigilia kwenye mlango wake. Hiki chetu ni bawaba. Anayetengeneza programu ya zahanati, ya shule, ya chama cha kahawa, anakichukua na kukipachika ndani ya yake, na yake inaanza kusema saa kama watu. Wakakipa jina Majira.

Majira ilikaa kwenye mashine ya Shangazi na kwenye disketi mbili tatu. Mimi nilidhani anaridhika nayo hivyo. Kumbe siku moja tunapanda, umeme umekatika mji mzima, akasema bila kunitazama kwamba mashine ile ikiungua, yeye atakuwa hajafanya kitu chochote duniani zaidi ya kuchapa barua za watu.

Ndipo Filemon akaandika. Alikuwa Dar, na kikundi chake kilikuwa kinakusanya programu za bure kwenye diski moja, sidii, ya kupelekwa zahanati za vijijini nchi nzima. Habari za Majira alizipata kwa watu huko kwenye intaneti. Akaiomba. Sidii ingefungwa mwisho wa mwezi. Shangazi alisoma ile barua pepe, akamwita Mudrik, wakaisoma tena wote vichwa vimegusana. Kisha akaenda nje kununua chai ya watu wote, na mimi nikiwemo.

Akajibu siku ileile kwamba achukue, karibu sana, ni yake.

Filemon akauliza, leseni yake iko wapi?

Hapo ndipo shida ilipoanza. Shangazi alidhani anaulizwa leseni ya biashara, akamjibu kwamba duka ni la mtu mwingine. Filemon akaeleza kwa urefu. Kitu ulichokiandika ni chako kwa sheria, hata usiposema. Ukikaa kimya maana yake umekataza. Kwa hiyo ni lazima ndani ya mafaili yenyewe kuwe na maandishi yanayosema nani anaruhusiwa kufanya nini. Bila hayo yeye hawezi kuiweka.

"Si nimemwambia achukue?" Shangazi akamwambia Mudrik. "Kwetu ukimwambia mtu chukua, anachukua."

"Kwenu Uru," Mudrik akasema. "Na tangu lini Mchagga anagawa bure? Ndiyo maana huyo jamaa anataka maandishi. Haamini."

"Na wewe Mswahili ukianza kubania, dunia si inaisha leo?"

Wakatafuta. Intaneti ile ilipita kwenye waya wa simu ya duka, kwa hiyo mteja akitaka kupiga simu Arusha, kila walichokuwa wanakisoma kinakatika katikati. Mwisho Shangazi akaipenda moja fupi ya Wamarekani. Inasema yeyote aichukue, ainakili, aibadili, aigawe, hata aiuze akitaka, mradi jina la walioiandika lisifutwe, na ikimharibikia asije kuwadai. Akaichapa kwenye karatasi aende nayo nyumbani. Ya kwenda nayo kwa nini, sikuelewa. Lakini Shangazi hakuwahi kutoa hata jogoo pale nyumbani bila Babu kujua.

Jumapili baada ya misa akamsomea. Babu Wenseslaus ndiye mzee wa mfereji wa huku kwetu, ule ambao ukoo wake uliuchimba enzi hizo kuleta maji ya mlimani kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Yeye ndiye anayepanga nani anafungulia lini. Alisikiliza huku anachonga mpini wa jembe. Shangazi akamtafsiria sentensi kwa sentensi, nusu Kiswahili nusu Kichagga, na pale kwenye "hata aiuze" akapunguza sauti.

Babu akauliza, "Mtu akichukua, wewe unajua?"

"Sitajua, Baba."

"Sasa hapo umegawa au umeibiwa?"

Shangazi akacheka, lakini Babu hakuwa anatania. Akasema maji hatumnyimi mtu, hata awe mgeni wa kabila gani. Ila asiyekuwa wa ukoo anatangulia kupiga hodi. Anakuja na mbege, pombe yetu ya ndizi, anasema mimi nina shamba la mahindi pale chini, anapangiwa zamu. Mbege yenyewe si malipo, tunainywa naye. Ni ili ajulikane. Mfereji ukibomoka, ukihitaji watu wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuutengeneza, unajua ni mlango gani wa kugonga. Mtu anayefungulia maji kimyakimya ndiye anayeacha tope.

Akaendelea kuchonga. Mimi nilimwona Shangazi ameshaondoka pale, amebaki mwili tu na karatasi.

Jumatatu akaongeza mstari mmoja chini ya ile leseni. Kwamba atakayeitumia Majira ni sharti kwanza awaarifu waandishi wake, Lukresia na Mudrik, na kuwaambia anaipeleka wapi. Hakuomba hela, hakuzuia mtu. Aliandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na aliporudia kuusoma alikuwa anatabasamu peke yake. Ulikuwa mstari wa kistaarabu kuliko yote iliyokuwa kwenye ile karatasi. Ile mingine ilikuwa inasema tu chukua, usinidai.

Na Mudrik ndipo akakubali. Mpaka siku hiyo alikuwa anasuasua. Aliwahi kumtengenezea mnunuzi mmoja wa kahawa programu ya kupima na kulipa, tangu haya makampuni ya watu binafsi yaanze kununua, na baadaye akaikuta kwa mnunuzi mwingine Sanya Juu, imewekwa jina la mpwa wa yule wa kwanza. Alipousoma ule mstari akasema, "Hii sasa ina heshima. Andika na jina langu." Shangazi akaandika, majina mawili juu, mwaka 2004, wakatuma.

Filemon akajibu kwamba haiwezekani.

Alijibu vizuri, sitamsingizia. Akasema mstari ule mmoja umeivunja leseni nzima. Kikundi chao kinapokea tu vitu ambavyo mtu anaweza kuvitumia bila kumwomba yeyote. Akauliza, mganga wa zahanati iliyoko ndani kule Tunduru, hana simu, hana barua pepe, gari linafika mara moja kwa mwezi, huyo atawaarifu vipi? Na nyinyi mkihama? Na mkifa? Sharti mlilomwekea hawezi kulitimiza, kwa hiyo mmemnyima.

Ile ndiyo siku ya "Ndugu yangu, nashukuru sana kwa maelezo yako mazuri."

Akabadilisha. Akaandika "awaarifu akiweza". Akatuma, mteja akainua simu ya duka, intaneti ikakatika, akatuma tena. Filemon akarudisha: "akiweza" haina maana kwenye leseni, ama ni sharti ama si sharti, na yeye hataki kuja kubishana na mtu baadaye juu ya nani aliweza. Shangazi akaandika "ndani ya mwaka mmoja". Ikarudi. Mteja akaja na kitabu cha harusi cha kuchapa, wa pili akaja na malalamiko ya kiwanja, umeme ukakatika, ukarudi, na alipowasha mashine barua pepe ya Filemon ilikuwa inamngoja. Safari hii alileta dawa. Utoe ule mstari kwenye leseni. Uandike kwenye lile faili la maelezo linalosomwa kwanza, kama ombi: tafadhali, ukiitumia, tuandikie, tutafurahi. Atakayetaka ataandika. Leseni itabaki safi, na yeye ataiweka siku hiyohiyo.

Shangazi akapumua. Nilifikiri imekwisha.

Jioni akaenda kwa Babu, maana ule mstari aliuona ni wa Babu. Akamkuta zizini anamwekea ng'ombe majani. Akaeleza, kwa uangalifu mwingi, kwamba imebidi hodi iwe ombi, isiwe sharti, na kwamba anasikitika. Babu akamtazama kama mtu aliyeamshwa.

"Hodi gani?"

"Ile ya mfereji, Baba. Nimeiandika kwenye leseni."

"Mimi nilikuwa nasema habari za maji," Babu akasema. "Haya ya kompyuta nani amekutuma uandike maneno yangu humo?"

Akaendelea na majani yake. Shangazi alirudi ndani, akachukua kisu, akamenya ndizi za kupika kiburu na maharage, nyingi kuliko watu tuliokuwepo. Bibi alimwambia zinatosha. Akasema ndiyo Mama, akaendelea kumenya.

Kesho yake kwa Mudrik. Hapo ndipo nilipoona mtu anavyoweza kukwama kwenye jambo ambalo hakuna mtu anayelipinga kwa ubaya. Mudrik alisikiliza, akageuza kiti.

"Mimi nilikubali leseni yenye hodi," akasema. "Hiyo nyingine sijaikubali."

Shangazi akasema hodi bado ipo, imehama chumba tu.

"Imehamia uani, dada. Nani anapiga hodi uani? Ombi si sharti. Yule wa Sanya Juu ningemwomba angeniandikia?"

"Jina lako linabaki. Leseni inakataza kulifuta."

"Jina nani analisoma? Liko ndani ya faili, ndani ya programu, ndani ya sidii. Sitaki hela ya mtu. Nataka nijue tu. Nikilala nijue kitu changu kiko Tunduru, kiko Mpanda, wapi. Hilo nalo ni kubwa?"

"Si kubwa. Ila wa Tunduru hana simu."

"Basi wa Tunduru asubiri."

Shangazi akaacha kuchapa. Nilimwona anatazama mikono ya Mudrik. Kisha akamwambia polepole kwamba Filemon hajui nani aliandika faili gani, na kwamba angetaka angeufuta ule mstari pale pale na kutuma, na Mudrik asingejua mpaka sidii itoke.

"Najua," Mudrik akasema. "Mbona hujafanya?"

"Kwa sababu nusu ni yako."

"Basi."

Wakarudi kila mtu kwenye kioo chake. Wateja waliokuja siku ile walihudumiwa vizuri mno.

Mwezi ukawa unakwisha. Shangazi alijaribu kila njia. Alimwandikia Filemon akimwuliza kama Majira inaweza kuwa na leseni mbili, saa kwa hii, kalenda kwa ile. Filemon akasema inawezekana, ila yenye hodi haitaingia kwenye sidii hata ikija na rafiki. Alimletea Mudrik ndizi za kukaanga alizozipenda. Mudrik akala, akashukuru, akasema hapana. Alimweleza habari za Bibi na kliniki ya macho kama vile hakuwahi kuisikia. Mudrik akasema anampenda Bibi na anamsalimia sana, shikamoo yake imfikie. Hapana.

Ijumaa ya kufunga sidii Mudrik alikwenda msikitini, na Shangazi akaanza kutenganisha. Hakujificha, alikuwa amemwambia asubuhi. Saa ni zake, kalenda ni ya Mudrik, alidhani ni kama kugawanya mkungu. Haikuwa. Kila alipong'oa faili la Mudrik, lake likaanguka. Saa yake ilikuwa inauliza siku kwa Mudrik ili ijue kama usiku wa manane ni wa leo au wa kesho. Alasiri yake ilikuwa imeegemea hesabu ya Mudrik ya machweo. Hata neno "asubuhi" lilikuwa linachukuliwa kutoka kwenye orodha ambayo Mudrik ndiye aliyeipanga. Walikuwa wameandika wote muda mrefu bila kuweka mpaka, na sasa alikuwa anautafuta mpaka kwa kuubomoa ukuta.

Akawa anaandika upya vipande, vibaya, kwa haraka. Alasiri akaitoa kabisa. Usiku wa manane akaukata. Ulimi ulikuwa nje kidogo pembeni ya mdomo, na aliniomba niwaambie wateja mashine ni mbovu.

Mudrik aliporudi, akasimama nyuma yake akasoma kwenye kioo. Juu kabisa palikuwa na leseni fupi ileile, safi, na jina moja.

"Umenitoa," akasema.

"Hakuna kitu chako humo tena. Nimehakikisha. Nikiacha jina lako nitakuwa nakusingizia."

"Umenitoa, Lukresia."

"Wewe ndiye uliyekataa kubaki."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia Mudrik anamwita jina tupu bila dada. Mudrik akavuta kiti chake, akakaa, akaanza kumchapia mtu barua. Shangazi akabonyeza kutuma. Intaneti ikakatika, simu ya duka ikaita. Akaikata bila kupokea, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akatuma tena, ikaenda.

Filemon aliiweka. Baada ya mvua za vuli sidii ilifika mpaka zahanati yetu ya juu, na mtu wa mapokezi akaweka kwenye kompyuta programu ya miadi iliyopachikwa Majira. Bibi alipewa karatasi mpya: saa mbili asubuhi. Juu yake, pale pa tarehe, pameandikwa siku na mwezi kwa Kiingereza, maana kalenda haikuwemo. Bibi akauliza hiyo ni lini. Nikamsomea mimi. Shangazi alikuwa amekaa palepale, akaishika karatasi, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Nusu mlango."

Kliniki Bibi aliiwahi. Shangazi hakulisema tena hilo jambo.

Dukani wakawa wanafanya kazi kama kawaida, meza mbili, migongo imetazamana. Majira yenye hodi ilibaki kwenye mashine ya Mudrik, na hakuna aliyeiulizia. Majira nyingine ikawa inazunguka nchi nzima na hakuna aliyewahi kumwandikia Shangazi hata salamu, ingawa ombi lipo kwenye lile faili la kwanza, la upole, mistari miwili.

Halafu Filemon akaandika kwamba wanatengeneza sidii ya pili. Zahanati zimeshukuru kwa saa. Zinauliza, kalenda je?

Shangazi aliichapa ile barua pepe kwenye karatasi. Akaenda akaiweka juu ya kibodi ya Mudrik wakati mwenyewe amekwenda kununua chai, akarudi akakaa. Mudrik akaingia na vikombe viwili, kimoja akakiweka mbele ya Shangazi kama alivyofanya siku zote, hata zile siku mbaya. Akaikuta karatasi. Akaisoma, akairudia. Shangazi alikuwa anachapa, lakini niliona kwenye kioo chake kwamba anarudia herufi moja tu, mstari mzima.

"Huyu wa Tunduru," Mudrik akauliza, "kashapata simu?"

"Sijui," Shangazi akasema. "Nitamuuliza Filemon."

Safari hii Mudrik hakusema hapana, akaikunja ile karatasi, akaiweka chini ya kikombe chake, akamwita mteja aliyekuwa mlangoni.